Zile shoo za makauboi za kina Buffalo Bill, walikuwa makauboi kweli au wasanii tu?

Mtoto_wa_Makorora

Wakuu heshima kwenu,

Kuna ubishi umetushinda kijiweni nikaona niulete huku kwa wenye data. Wengi wetu tumekua na picha za makauboi, stelingi anaingia mjini na farasi, bastola kiunoni, anamaliza genge zima peke yake na kofia haidondoki. Sasa jamaa mmoja anasema yule Buffalo Bill alikuwepo kweli na kabla hata sinema haijaanza alikuwa anazunguka na shoo ya uwanjani, farasi, nyati, Wahindi Wekundu, bunduki zinalia, watu wanalipa kiingilio kama mpira. Mwingine anasema hakuna lolote, sarakasi tu ile, watu wa mjini wamevalishwa kofia.

Ninachotaka kujua, wale waliokuwa wanapanda farasi pale uwanjani walikuwa wachunga ng'ombe kweli? Risasi zilikuwa za kweli? Na kubwa kuliko yote, hao wenyeji wa Marekani waliwezaje kukubali kuja kupigwa kila siku mchana, jioni wanapigwa tena, halafu makofi wanapigiwa waliowapiga?

Karibuni, matusi hapana.

Hatamu

Mkuu wote wawili hapo kijiweni wana hoja. Farasi na kamba vilikuwa vya kweli, hadithi ndo ilipikwa. Ngoja nikae vizuri maana hii mada naipenda.

Buffalo Bill jina lake halisi ni William Cody, kazaliwa Iowa 1846. Kabla ya shoo alikuwa skauti wa jeshi, na aliwinda nyati wa kule kwao kwa ajili ya kulisha mafundi waliokuwa wanajenga reli ya Kansas Pacific, mwenyewe alidai kaua 4,280 kwa miezi kama 18, jina likatokea hapo. Mchunga ng'ombe hasa hakuwa. Mwaka 1872 akaanza kupanda jukwaani Chicago, na unajua alikuwa anaigiza nani? Anajiigiza yeye mwenyewe. Sasa sikia hii. Juni 1876 Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, anauawa yeye pamoja na askari wake wakipigana na Walakota na Wacheyenne, makabila ya wenyeji, pale Little Bighorn, wiki chache baadae, tarehe 17 Julai, Cody yuko na jeshi Nebraska wanakutana na Wacheyenne, anamuua mmoja wao aliyeitwa Yellow Hair na kumchuna ngozi ya kichwa. Na siku hiyo alikuwa kavaa nguo zake za jukwaani, mahameli meusi mtindo wa Kimexico! Mwaka huohuo akarudi jukwaani kuigiza pambano lilelile na ile ngozi ya kichwa anaionyesha watu. Kwa hiyo ukiuliza ukweli uliishia wapi na maigizo yakaanzia wapi, kwa huyu bwana mi naona hata yeye mwenyewe ilishamchanganyikia.

Shoo ya uwanjani ilichipukia North Platte, Nebraska, kwenye sikukuu yao ya uhuru tarehe 4 Julai 1882, vijana wa mashamba ya ng'ombe wakashindana kupanda farasi wakorofi na kurusha kamba, umati ukafurika kuliko walivyotegemea. Mwaka uliofuata wakaizindua rasmi Omaha, na 1884 akaingia mbia anaitwa Nate Salsbury, mtu wa maigizo, ndo akaweka mpangilio ikawa biashara ya maana. Na wenyewe walikwepa kabisa kuiita shoo, mabango yaliandika tu Buffalo Bill's Wild West, maana walitaka ionekane ni elimu.

Sasa makauboi. Miaka ile kauboi hakuwa mtu wa kusifiwa, alikuwa kibarua wa farasi, mshahara dola 30 hadi 40 kwa mwezi, vumbi, usiku kucha analinda ng'ombe wasitawanyike. Gazetini wanamtaja akilewa. Rais Chester Arthur kwenye ujumbe wake kwa bunge 1881 aliwataja makauboi kama magenge yenye silaha yanayovuruga Arizona. Aliyegeuza hiyo picha ni Buck Taylor, kijana wa Texas, futi 6 na inchi 5, alikuwa anafanya kazi ranchi ya Cody, akaingizwa uwanjani wakambatiza Mfalme wa Makauboi. Mwaka 1887 tayari kuna kitabu cha bei chee yeye ndo stelingi. Kabla yake stelingi wa vitabu vile alikuwa skauti au mwindaji, mchunga ng'ombe nani alimjali. Kwa hiyo ndio mkuu, walikuwa wachunga ng'ombe kweli, angalau wale wa mwanzo.

Mzee_Kobazi

@Hatamu umeandika vizuri ila mi bado naona ni mchongo. Mtu anaokota kitambaa chini farasi yuko kasi, hiyo si sarakasi ni nini? Kule machungani nani anaokota kitambaa?

Hatamu

Mzee wangu shikamoo, hapo umegusa penyewe. Kuokota kitambaa au kofia chini huku farasi anachapa mbio ni mchezo wa makauboi wenyewe walikuwa wanatambiana nao siku za mapumziko, ila mwili unaoufanya ni uleule wa kazini. Unabaki umening'inia kwa mguu mmoja na mkono mmoja umeshika pembe ya tandiko, ule mshipi wa tumboni ukilegea kidogo tandiko linazunguka unaingia chini ya kwato. Na farasi lazima akimbie mstari ulionyooka, akikwepa hata hatua moja umekwisha.

Hao farasi wakorofi ndo usiseme. Siku hizi kwenye rodeo, yale mashindano ya makauboi, mpandaji anakaa juu ya farasi ndani ya kibanda, geti likifunguliwa anahesabiwa sekunde 8, basi. Enzi za Cody hakuna kibanda wala saa. Wanamshika farasi katikati ya uwanja, mmoja anamng'ang'ania masikio, wanamfunga macho na kitambaa, wanamtandika, jamaa anapanda, wanafungua, halafu unakaa juu mpaka farasi achoke mwenyewe au akutupe. Kweli walichagua farasi wanaojulikana kwa kutupa watu, hawakuwa wa porini kama mabango yalivyodai, lakini mfupa ukivunjika umevunjika. Buck Taylor huyohuyo alivunjika mguu London 1887 mbele ya watazamaji. Hakuna maigizo hapo.

Kamba nayo. Bingwa wa kamba pale alikuwa Vicente Oropeza kutoka Mexico. Na hapa watu wengi huwa wanaruka hii habari, tandiko lenye pembe, kamba ya kitanzi, kofia pana, suruali za ngozi za juu, vyote hivyo makauboi wa Texas walijifunza kwa wachunga ng'ombe wa Kimexico. Kwenye shoo Wamexico walikuwepo toka mwanzo ila kwenye mabango jina kubwa anapewa Mzungu.

Cha kuigiza ilikuwa zile sehemu zenye hadithi. Gari la abiria la Deadwood, la kuvutwa na farasi, linavamiwa, Cody anatokea anaokoa. Nyumba ya walowezi inavamiwa, Cody anatokea anaokoa. Yaani kila kitu kikiharibika Cody anatokea. Lakini angalia ujanja wao, lile gari lenyewe lilikuwa la kweli, lilishafanya kazi njia ya Cheyenne kwenda Deadwood. Unachukua kitu halisi unakibebesha uongo, mtazamaji anaondoka anasema nimeona kwa macho yangu.

bibie_wa_Mikindani

Naomba nijibu la risasi maana naona mmelikimbia.

Kwenye zile vita za kuigiza walikuwa wanafyatua baruti tupu, mlio na moshi basi. Kwenye kulenga shabaha ndo kuna siri. Cody alikuwa anapiga mipira ya kioo inayorushwa hewani huku yuko mbioni juu ya farasi, lakini bunduki yake ilikuwa imejazwa marisaa, vile vidonge vidogo vya kuwindia ndege, sio risasi moja nzima. Wabaya wake wakasema anadanganya. Mi nawauliza, uwanja umezungukwa na maelfu ya watu, risasi nzima ikikosa mpira inaenda kutua wapi? Ilikuwa lazima. Na hata kwa marisaa, jaribu wewe farasi anakurusharusha hivyo uone.

Annie Oakley sasa, huyo ndo mwenyewe. Aliingia 1885. Aliweza kulenga nyuma yake kwa kuangalia kwenye kioo na akapiga. Cha kuchekesha huyu mama hakuwa hata mtu wa huko magharibi! Ni mtoto wa Ohio, kwao walikuwa maskini, baba kafa mapema, akajifunza bunduki kuwinda ili nyumbani wale na ziada auze. Akamshinda mpiga shabaha mmoja maarufu kwenye mashindano, Frank Butler, jamaa badala ya kununa akamuoa, na baadae akaacha kung'aa mwenyewe akawa meneja wa mkewe. Wanaume wa humu jukwaani mnaweza kweli?

Kwa hiyo @Mtoto_wa_Makorora, staa mkubwa kuliko wote wa Wild West baada ya Cody ni mwanamke ambaye hajawahi kuchunga ng'ombe wala kuishi huko wanakokusifia.

Mzee_Kobazi

Bibie hilo la Butler limenichoma 😂 haya endeleeni.

Kasuku_Mweupe

Nije kwenye swali la tatu ambalo kwangu ndo zito.

Watu wanadhani walidanganywa. Wengi wao walikuwa Walakota kutoka Pine Ridge, eneo walilotengewa na serikali, na hebu fikiria hali yao miaka ya 1880. Nyati wameisha. Wamefungiwa kwenye maeneo ya serikali, kutoka lazima kibali, chakula ni cha mgao na mgao wenyewe unapunjwa. Mwaka 1883 serikali ikapiga marufuku ngoma zao za ibada. Anakuja mtu anakwambia nitakulipa, nakupa farasi, uvae manyoya yako, ucheze ngoma yako mchana kweupe na hakuna afisa wa kukukamata. Wewe ungekataa? Maafisa na wamisionari ndo waliopiga kelele sana shoo zifungwe, sio Walakota, maana wao walitaka watu wakae wajifunze kulima na kusahau yao.

Sitting Bull, kiongozi maarufu wa Walakota, alijiunga 1885, miezi minne tu. Dola 50 kwa wiki, linganisha na zile 30 za kauboi kwa mwezi hapo juu, na mkataba ukampa haki ya kuuza picha zake na sahihi yake mwenyewe. Mzee alijua biashara. Kwenye vita za kuigiza hakushiriki, alikuwa anapita na farasi anaonekana basi. Kuna miji walimzomea kwa sababu ya Custer. Na alimpenda sana Annie Oakley, akamchukua kama binti yake.

Lakini tusipake rangi. Desemba 15, 1890 Sitting Bull anauawa na polisi waliotumwa kumkamata, wiki mbili baadae, tarehe 29, yanatokea mauaji ya Wounded Knee, jeshi linaua wanawake na watoto. Mwaka 1891 baadhi ya viongozi wa ngoma ya mizimu, ibada ya wenyeji iliyoitia serikali hofu, waliokuwa wamefungwa, kina Kicking Bear na Short Bull, serikali inawatoa gerezani inamkabidhi Cody aende nao Ulaya. Yaani jana mfungwa wa vita, leo unaigiza vita Ulaya. Na kila shoo ikiisha hadithi ni ileile, aliyevamiwa nyumba yake ndo anaonyeshwa ni mvamizi. Hapo ndo ubaya wa shoo ulipo kwa maoni yangu, wao malipo walipata ila historia yao ikageuzwa kichwa chini miguu juu, na sinema zikaja kuichukua hivyohivyo.

Hatamu

@Kasuku_Mweupe nakubaliana na wewe asilimia zote. Niongezee tu kwamba Ulaya ndo waliipa shoo heshima. 1887 walivuka bahari na meli, farasi kama 180 na nyati 18 ndani, wakaenda London kwenye jubilei ya Malkia Victoria. Yule bibi toka mumewe afe 1861 alikuwa hatoki kwenda kwenye burudani za watu, kwa hao akatoka, akafanyiwa shoo yake maalum tarehe 11 Mei. Baadae Paris 1889, kisha Roma 1890 ambako wachunga ng'ombe wa Kiitaliano waliwaambia nyie mnajifanya nani, leteni farasi tushindane, na wakawatoa jasho kwelikweli. Mpaka leo pande zile za Cisterna wanajivunia hiyo siku.

1893 Chicago kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, waandaaji wakawanyima nafasi ndani, wao wakakodi kiwanja jirani na geti. Wakatengeneza hela vibaya mno. Humo ndo walikuwa wameshaongeza wapanda farasi wa dunia nzima, gaucho, yaani wachunga ng'ombe wa Argentina, Waarabu, na "Kosaki wa Urusi" ambao ukweli ni kwamba walikuwa Wageorgia kutoka Guria, Georgia ile nchi ya jirani na Urusi, sio jimbo la Marekani. Wanasimama wima juu ya tandiko farasi anakimbia, na wengi wanaofuatilia rodeo wanasema makauboi waliiga kwao.

MseeWaKitengela

Wasee, hii stori iko na link na huku kwetu na hamjaitaja. Kulikuwa na mzee mwingine wa jina karibu sawa, Buffalo Jones, yeye alijulikana kwa kuokoa ndama wa nyati wasiishe kabisa, na akawa msimamizi wa wanyama pale Yellowstone. 1910 alikuja Kenya na makauboi wawili, Loveless na Means, na farasi wao kutoka Marekani, eti anataka kuonyesha kamba inaweza kushika mnyama yeyote wa Afrika. Watu wakawaona wazimu. Manze hao jamaa walishika twiga, punda milia, ngiri, duma, wakashika KIFARU kwa kamba, na mwisho simba jike. Huyo simba wakamsafirisha hadi zoo ya New York. Kulikuwa na cameraman Mwingereza, Cherry Kearton, akapiga filamu ya hiyo safari.

Kifaru waliburuzana naye masaa, kamba zinakatika anaondoka nazo. Mimi nimeona ng'ombe wa kawaida akikataa kamba huku Kajiado vile anaweza kukusumbua, sasa kifaru? Mzee mwenyewe alikuwa na miaka 60 na kitu. Hapo hakuna script.

Mtoto_wa_Makorora

@MseeWaKitengela hii ya kifaru kesho naenda nayo kijiweni kama ilivyo 😂😂

Swali la nyongeza wakuu, makauboi weusi walikuwepo? Maana kwenye picha hatujawahi kuwaona kabisa.

bibie_wa_Mikindani

Walikuwepo wengi tu, wanahistoria wanakadiria kama mmoja kati ya wanne kwenye misafara ya ng'ombe ya Texas. Kwenye shoo mtafute Bill Pickett, kazaliwa Texas 1870, wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Huyu alikuwa na mtindo wake, anaruka kutoka kwenye farasi anamdaka fahali pembe, anamsokota shingo, halafu anamuuma mdomo wa juu kwa meno mpaka fahali anakaa chini. Aliiga kwa mbwa wa kuchungia. Kwenye rodeo za leo kumwangusha fahali kwa pembe ni mchezo rasmi, meno tu ndo wameyaacha.

Yeye hakuwa na Cody, alikuwa na shoo ya ndugu wa Miller, 101 Ranch ya Oklahoma. 1908 wakampeleka Mexico City wakaweka dau kwamba atamng'ang'ania fahali wa mapigano kwenye ule uwanja wao, akadumu pembeni mwa kichwa cha yule mnyama dakika kadhaa huku mashabiki wanamrushia chupa. Kuna miji Marekani alitangazwa kama Mhindi Mwekundu au mtu mwenye damu mchanganyiko ili aruhusiwe kushindana na Wazungu. Kafa 1932, kapigwa teke na farasi. Ukumbi wa mabingwa wa rodeo ukamuingiza 1971, mtu mweusi wa kwanza, miaka karibu 40 yuko kaburini.

Papa_Lushois

Bonjour ba ndugu. Kwetu Congo ile jina ya Buffalo Bill ilifika mbali. Myaka ya 1950 kule Léopoldville, leo Kinshasa, bavijana ba cité balikuwa banajiita ba Bills, banavaa sawa ba cowboy ya sinema, kila kartie na genge yake, na luga yao banaita hindoubill. Wazee bamoja baliokuwa Kin ile wakati bangali banasema habari yake. Yule Cody alikufa 1917, hakujua kitu.

Mzee_Kobazi

Hata Dar na Zanzibar miaka ile ya sinema za zamani vijana walikuwa wanavaa kofia za kauboi, tuliwaona. Haya Hatamu, mwisho wa Cody ulikuwaje, alikufa tajiri?

Hatamu

Hapana mzee. Hela alipata nyingi na alizimwaga nyingi, migodi, mji aliouanzisha Wyoming wenye jina lake, marafiki, kesi ya talaka. 1901 treni yao iligongana North Carolina farasi kama 110 wakafa na Annie Oakley akaumia. Akaja kuungana na mshindani wake Pawnee Bill, na 1913 pale Denver wadai wakaikamata shoo, ikapigwa mnada. Akaishia kuonekana kwenye shoo za watu wengine mpaka karibu na kifo chake Januari 1917. Kilichowaua hasa ni sinema, mtu atalipia kupeleka familia uwanjani kwa nini wakati mtaani kuna ukumbi kwa senti tano.

Na kuna kichekesho, kati ya watu wa kwanza kabisa kupigwa picha za kutembea ni haohao wa Wild West. 1894 walienda studio ya Edison kule New Jersey. Vipande vipo bure mtandaoni, havifiki hata dakika. Kuna Annie Oakley anapiga mipira, kuna Oropeza na kamba yake, na kuna kimoja cha farasi mkorofi. Mtoto_wa_Makorora kama unataka kumaliza ubishi wapelekee hicho cha farasi, mtazame mpandaji miguu yake, halafu mtazame jamaa aliyesimama juu ya uzio anafyatua bastola hewani bila sababu yoyote.

Mtoto_wa_Makorora

Nimeshakipata, nimekirudia mara kadhaa hapa. Yule wa kwenye uzio anafanya nini sasa? Farasi tayari anaruka, bastola ya nini?

Hatamu

Ya kamera mkuu.